Jinsi Nilivyoendesha Kikundi cha Maigizo kwa Tamthilia Teule

Mwelekezi ndiye anayewaongoza waigizaji na waigizaji ndio wanaopigiwa makofi, lakini kuomba idhini ya mwandishi, kukodi ukumbi, kutafuta maleba, kulipa nauli na kuhakikisha kila mtu amepata haki yake ni kazi ya mtayarishaji. Kazi hiyo nimeifanya jijini Nairobi kwa miaka mingi, na kilichotuweka hai ni uamuzi wa kutotegemea tiketi za mlangoni pekee.

Kuigiza Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1952, ni fahari kwa msanii yeyote. Hata hivyo, kodi ya ukumbi hulipwa hata viti visipojaa, na waigizaji hawawezi kula fahari. Ndiyo maana niligeukia shule za upili na tamthilia teule za KCSE, yaani zile zinazotahiniwa katika mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, kwa kuwa huko hadhira ipo na kitabu inakijua vizuri, pengine kuliko sisi.

Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022, ndiyo iliyotufunza mengi. Tamthilia hiyo inaanzia kwenye karakana ya wachongaji katika Soko la Chapakazi, kwa hiyo niliagiza vinyago kutoka Wamunyu, Machakos, nikawapeleka waliocheza Sudi, Boza na Kombe kwa fundi wafundishwe kushika patasi, kugeuza gogo na kupiga msasa kwa kufuata mkondo wa mti. Gharama hiyo sikuionea uchungu hata kidogo. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye karakana ya baba yake huutambua mara moja mkono usioijua kazi, na akishacheka katika onyesho la kwanza, Majoka, mtawala dhalimu wa tamthilia hiyo, hatamtisha tena.

Kuhusu fedha nilikuwa mkali. Gari halikuondoka kabla shule haijatuma sehemu ya malipo, na salio lilikabidhiwa siku ya onyesho. Shule moja ilituzungusha muhula mzima, nikawalipa waigizaji kutoka kwenye akiba kisha nikaendelea kudai, kwani mwigizaji aliyefanya kazi yake hapaswi kuambiwa asubiri mhasibu wa shule. Akiba hiyo niliijenga kwa kutenga fungu la kila onyesho, katika akaunti isiyoguswa bila saini ya mwakilishi wa waigizaji.

Shule zilipofungwa Machi 2020, akiba ndiyo iliyotuokoa. Haikutosha kulipa ujira kamili, lakini ilisaidia kodi za nyumba, na tuliporudi kwenye mazoezi, wengi wa waigizaji walirudi. Kupoteza kikundi kilichozoeana ni hasara kubwa kuliko kupoteza maonyesho ya msimu mmoja.

Kisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ikashika nafasi ya Kigogo. Soko na vinyago havikuhitajika tena. Tulihitaji nyumba ya familia, pamoja na mwigizaji wa kike aliyekomaa wa kuubeba ugonjwa wa Sara, mama wa familia hiyo, bila kuugeuza kilio. Fungu la akiba likagharimia mabadiliko hayo.

Siku hizi sehemu ya mapato ya shuleni huenda kwenye tamthilia mpya za Kiswahili, zinazoandikwa na vijana ambao vitabu vyao bado havijachapishwa. Tunaziigiza jioni mjini, na mwandishi hulipwa kabla ya bango kwenda kwa mpiga chapa.