Nilivyotengeneza Bloku ya Kulinganishia Viashiria vya Saratani

Maabarani kwetu tunaweka kingamwili kwenye slaidi ya nyama ya mgonjwa; ikinasa protini tunayoitafuta, yaani kiashiria, hapo hutokea rangi ya kahawia. Slaidi ikitoka bila rangi hiyo, daktari wetu wa patholojia huniuliza: "Dada, hii ni hasi ya kweli, au rangi imegoma?" Kwa muda mrefu sikuwa na jibu la uhakika, na swali hilo lilininyima raha. Kwa mgonjwa wa saratani ya titi, vipokezi vya estrojeni (protini za kwenye viini vya seli zinazopokea homoni hiyo) vikionekana hata kwenye asilimia 1 ya seli za saratani, anahesabiwa chanya na anaweza kufaidika na tamoxifen, vidonge vya bei nafuu. Tukimwandikia hasi kimakosa, tumemnyima dawa.

Kipande cha kulinganishia tulikuwa nacho, ila kilikuwa saratani ya titi yenye vipokezi tele. Penye protini tele rangi hushika hata kingamwili ikiwa imechoka. Nilitaka pia penye protini kidogo.

Kwa ruhusa ya mkuu wa kitengo, daktari akawa ananikatia kipande cha ziada kila alipopasua sampuli kubwa, na nilichukua zile tu zilizokaa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama, kati ya saa 6 na 72. Nikapata tonsili, mlango wa kizazi, tezi ya thairoidi, na saratani za titi zenye HER2 (protini ya kwenye utando wa seli, hupimwa kuanzia 0 hadi 3+) ya 0, 2+ na 3+. Vyote nikavipanga kwenye nta moja, ndiyo bloku yenyewe, na pembeni nikaweka ini liwe alama ya kunionyesha upande, hata slaidi ikigeuzwa. Nikakata mikroni 4 na kubandika kando ya nyama ya mgonjwa, slaidi ileile.

Tonsili ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Huonyesha CD20 (kiashiria tunachotumia kwa limfoma, saratani ya chembe za kinga) na Ki-67 (kiashiria cha seli zinazogawanyika), na kwa vipokezi vya estrojeni hutoa viini vichache vilivyopauka. Siku moja viini hivyo havikuonekana kabisa, wakati mlango wa kizazi, wenye vipokezi tele, umeiva kahawia. Kipande cha mama mmoja kando yake kilikuwa cheupe. Tukasimamisha majibu. Nilipofuatilia nikakuta mpira wa sufuria ya presha tunayochemshia slaidi ili protini zifunuke umelegea, joto halifiki. Tukabadilisha mpira, nikarudia kwa bafa (maji maalumu ya kuchemshia) mpya ya pH 9. Tonsili ikaamka, na viini vya yule mama vikatoka kahawia hafifu lakini dhahiri. Aliandikiwa chanya.

Bloku hiyo imenifundisha pia kwamba protini moja haina sura moja kila mahali. TTF-1, protini nyingine ya kwenye viini, hung'aa kwenye thairoidi na kwenye saratani nyingi za tezi za mapafu, kwa hiyo peke yake haitoshi kusema uvimbe umetoka wapi. HER2 ndiyo yenye mtego zaidi. Kwenye titi, 3+ hudai utando wote wa seli uzungukwe na rangi nzito, kwa zaidi ya asilimia 10 ya seli. Kwenye tumbo rangi mara nyingi hushika ubavuni na chini, juu pakabaki wazi, tena kwa madoadoa. Anayesoma tumbo kwa kipimo cha titi atawapita wagonjwa wanaostahili trastuzumab, dawa inayolenga HER2.

Ndiyo maana kwenye bloku inayofuata nimetenga nafasi ya saratani ya tumbo yenye HER2 ya 3+, na daktari ameshaahidi kunikatia ikipatikana.