Bango la Sinema Lililochakaa Lina Thamani Gani?

Mabango ya sinema ya zamani hayakuchapwa ili yatunzwe. Yalikuwa mali ya msambazaji wa filamu. Yalifika kwenye jumba la sinema pamoja na mikebe ya filamu, yakabandikwa mlangoni kwa siku chache, kisha yakahamia mji mwingine au yakatupwa. Ndiyo sababu bango lililochapwa kwa wingi linaweza leo kuwa limebakiza nakala za kuhesabika. Bango la filamu ya Kijerumani ya Metropolis ya mwaka 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, liliuzwa mwaka 2005 kwa dola za Marekani 690,000, na nakala zake zinazojulikana duniani ni chache mno. Bango la Dracula la mwaka 1931 lilifikia dola 525,800 mnadani mwaka 2017. Katika mji mdogo wa Berwick, Pennsylvania, mabango ya mwaka 1930 na mwaka 1931 yalikutwa yamegandishwa pamoja kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani, yakatenganishwa moja moja na mafundi, na mwaka 2012 yakauzwa kwa jumla ya zaidi ya dola 500,000.

Nataja bei hizo mapema ili niziweke kando, kwa sababu karibu kila anayeniletea bango hapa Dodoma amekwisha kuzisikia. Kazi ya mkusanyaji wa katikati ya Tanzania ni nyingine. Huku hakuna maduka ya vitu vya kale vya sinema, na mabango huwa yamejificha ndani ya vitu vingine. Nimeyakuta yametandikwa chini ya sanduku la bati la nguo, yamevishwa daftari za hesabu za maduka ya zamani ya Uhindini, na mara nyingi zaidi yamewekwa nyuma ya picha za familia, mahali ambapo fundi fremu wa zamani alihitaji karatasi ngumu ya kuzuia vumbi. Tangu nilipogundua hilo, mafundi fremu wa mjini wamekuwa marafiki zangu wakubwa kuliko wauzaji wa mitumba wa Sabasaba, na ombi langu kwao ni moja tu: mteja akileta picha ya babu yake ibadilishiwe kioo, karatasi ya nyuma isitupwe kabla sijaiona.

Mengi ninayoyapata ni ya filamu za Kihindi, na hilo halishangazi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na kwa miaka mingi mtu wa Dodoma, Tabora au Singida aliyetaka kuona picha zinazotembea alikwenda sinema, ambako filamu za Bombay zilikuwa na wapenzi wasiokosa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujifunza ni kusoma mabango ya India. Mwaka wa filamu na mwaka wa karatasi ni vitu viwili tofauti. Sholay ilitolewa mwaka 1975 na ikaonyeshwa mfululizo kwa zaidi ya miaka mitano katika jumba la Minerva mjini Bombay; filamu ya namna hiyo huchapiwa mabango tena na tena, na yote hubeba picha zilezile na majina yaleyale. Mimi huanzia chini kabisa ya karatasi, kwenye mstari mdogo unaotaja kiwanda cha uchapaji na mji wake. Mji wa Bombay ulibadilishwa jina rasmi kuwa Mumbai mwaka 1995, basi bango la Sholay lenye neno Mumbai kwenye mstari wa mpiga chapa haliwezi kuwa la toleo la kwanza, hata muuzaji aape kwa jina la nani. Neno Bombay, kwa upande wake, linaruhusu tu uchunguzi uendelee, halithibitishi kitu.

Mabango ya Marekani ni mepesi zaidi kusomeka. Kuanzia mwaka 1940 hadi miaka ya 1980, mengi yake yalisambazwa na National Screen Service, na shirika hilo liliweka namba kwenye ukingo wa chini, tarakimu mbili za mwanzo zikiwa ni mwaka. Bango la Hatari!, filamu iliyopigwa Tanganyika katika maeneo ya Arusha na kutolewa mwaka 1962, linapaswa kuwa na namba inayoanza na 62. Herufi R ikitangulia namba hiyo, bango ni la filamu iliyorudishwa sokoni baadaye. Vipimo navyo husema mengi: bango la kawaida la Marekani la wakati huo lina upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, la Uingereza hulala kwa inchi 40 kwa 30, na lile dogo la Italia la kubandikwa mlangoni hukaribia sentimita 33 kwa 70. Karatasi ya inchi 24 kwa 36, ambayo ndiyo kipimo cha mabango ya kupambia vyumba yanayouzwa leo, hunifanya nisite kabla hata sijasoma jina la filamu. Futi ya fundi cherehani inatosha kwa kazi hii.

Baada ya futi, nachukua lenzi ndogo ya kukuzia kama ile ya mafundi saa. Picha iliyochapwa kwa mashine za ofseti huonekana kama nukta nyingi za rangi, na hilo si kosa, lakini maandishi ya jina la filamu kwenye bango halisi kwa kawaida huwa na wino uliojaa, wenye kingo safi. Mtu anapolipiga picha bango la zamani na kulichapa upya, maandishi nayo hugeuka kuwa nukta. Mabango mengi ya India ya miaka ya 1950 na 1960 yalichapwa kwa litografia, rangi juu ya rangi bila mpangilio wa nukta kabisa, na nakala zake za bandia hujiumbua mara tu lenzi inapozifikia. Hujiumbua pia kwenye mikunjo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabango ya Marekani yalikunjwa kiwandani kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo alama za mikunjo ni sehemu ya maisha yake. Lakini nimewahi kuletewa bango ambalo mikunjo yake ilionekana kwa macho na haikusikika kwa kidole, maana ilikuwa imechapwa pamoja na picha. Kwa karatasi inayodaiwa kuwa ya kabla ya miaka ya 1950, naazima kwa mawakala wa fedha ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi za kisasa zina kemikali za kung'arisha weupe ambazo hazikutumika viwandani zamani hizo, na chini ya taa hiyo zinawaka rangi ya samawati. Kwa bango la mwaka 1975 taa hiyo haikati shauri.

Sasa nifike kwenye suala ninalolijali kuliko yote. Soko la kimataifa hupima hali ya bango kwa daraja, na kila tundu la pini, kila mhuri na kila mwandiko wa kalamu humshusha muuzaji bei. Bango linalothaminiwa zaidi ni lile ambalo halikuwahi kufanya kazi yake: lilibaki ghalani, halikuguswa na jua wala gundi. Naielewa mantiki hiyo, kwa kuwa mnunuzi wa London anataka kazi ya mchoraji katika rangi zake za awali. Ila kwa mabango yaliyobandikwa katika miji yetu nadhani kipimo hicho kinafuta kile ambacho ni adimu zaidi.

Mzee mmoja aliyewahi kuendesha mitambo ya sinema katika mkoa huu aliniruhusu nikae naye mchana mzima. Nilimwamkia, "Mbukwa, babu, shikamoo," akaitikia, nikamkunjulia bango la Kihindi ambalo kona yake ya juu iliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa: JUMAMOSI SAA 3 USIKU. Aliliangalia kwa muda, halafu akaweka kidole juu ya herufi ya J. "Mjukuu wangu, mwandiko huu ni wangu. Picha hii ilijaza watu mpaka wengine wakarudishwa mlangoni." Nakala nyingine za bango hilo zipo India na kwingineko, baadhi zikiwa safi kabisa. Yenye saa ya Kiswahili, mkono wa mtu anayejulikana na mlango unaojulikana ni hiyo moja. Mnada wa nje ungeipunguzia bei kwa sababu ya wino. Mimi naiweka juu ya mabango yangu yote.

Kwa sababu hiyo, ninapompelekea fundi bango lililochanika, masharti yangu huwa ya wazi. Njia inayokubalika ya kuliimarisha ni kulibandika juu ya karatasi laini ya Kijapani na kitambaa cha turubai kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo inaweza kuondolewa kwa maji baadaye bila kuumiza karatasi. Hilo nalikubali. Kuziba matundu ya pini kwa rangi na kuosha mihuri, hapana. Na laminesheni, ambayo kila duka la vifaa vya ofisi mjini liko tayari kuifanya kwa dakika chache, ni kifo cha bango. Plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi haitoki tena, na hakuna mnunuzi makini atakayeligusa. Selotepu ni ndugu yake wa karibu, kwani gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili.

Hali ya hewa ya Dodoma inatusaidia kwa upande mmoja. Ukungu unaokula karatasi Tanga na Zanzibar hauna nguvu huku, penye kiangazi kirefu na hewa kavu. Lakini ukavu huohuo huifanya karatasi yenye asidi ivunjike kwenye mikunjo, vumbi jekundu huingia kila mahali, na mchwa hawajali filamu ilikuwa na mwigizaji gani. Mabango yangu hulala bapa, katikati ya karatasi zisizo na asidi, ndani ya makabati ya chuma yaliyoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na dirisha.

Kuhusu bei, nazitazama zile ambazo mabango yalinunuliwa kweli minadani, kamwe si zile ambazo wauzaji wanazitaja kwenye mitandao. Uchache peke yake hautoshi, maana bango la filamu isiyokumbukwa na mtu linaweza kuwa la pekee duniani na likakosa mnunuzi. Na kabla sijamlipa mama wa Kondoa au kijana wa Manyoni aliyenipigia simu, humweleza bango lake linaweza kufika kiasi gani likiuzwa nje, ili aamue akijua. Wengine huamua kubaki nalo, nami huwaachia karatasi ya kulihifadhia.

Kila bango ninalolichukua lina ukurasa wake katika daftari: lilikutwa wapi na ndani ya nini, nani alikuwa nalo, lilibandikwa jumba gani, na maneno ya yeyote anayelikumbuka, yakiandikwa kama alivyoyasema. Nimekwisha kuletewa wanunuzi waliotaka bango bila ukurasa wake, kwa madai kwamba habari za Dodoma haziongezi kitu kwenye bei. Kwa masharti hayo siuzi.