Mawingu ya Limuru na dawati la nyuma

Anayeijua Limuru mwezi wa saba ananielewa, wingu limetanda tangu asubuhi hadi jioni, baridi, ukungu juu ya majani chai, na darasani watoto wa nyuma wameinamia daftari pua karibu iguse karatasi. Hao ndo wamenifanya niandike.

Shule ninayosaidia ina pampu ya sola, na kwenye paneli kuna sensa inayorekodi nguvu ya jua, wati kwa kila mita mraba, kutwa nzima. Kipima mwanga ninacho kimoja tu na siwezi kushinda pale nacho kila siku, basi nikaamua kutumia zile rekodi. Mbingu ikiwa imefunikwa kabisa unachukua wati unazidisha kwa 115 hivi, unapata luksi za nje, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Siku moja saa nne asubuhi sensa ilisoma 180, hesabu ikatoa 20,700, nikatoka uwanjani na kipima mwanga kikasoma 20,100. Jamani nilifurahi!

Ila usizidishe kwa namba ya miale ya jua yenyewe, hiyo hucheza kwenye 90 na 100 na jua likiwa chini inashuka zaidi. Wingu ni maji, na maji hula ule mnururisho wa joto ambao jicho halioni, kwa hiyo kila wati inayopenya inakuja na mwanga mwingi zaidi.

Dawati la nyuma lilipata luksi 155, yaani robo tatu ya asilimia moja ya mwanga wa nje. Mtoto anahitaji kama 300 kusoma, kwa hiyo mpaka sensa ifike wati 350 hivi! Saa mbili asubuhi ilisoma 60, piga hesabu, ni luksi 50 tu pale nyuma na ndo wako kwenye somo la hesabu, inaniuma kweli. (Wingu likipasuka jua likachungulia, hiyo asilimia haishiki tena.)

Sasa mbingu ya wingu zito utosini inang'aa karibu mara tatu kuliko kwenye upeo, dirisha la pembeni linapata ile hafifu. Basi tukang'oa mabati mawili ya paa kule nyuma tukaweka yale ya plastiki yanayopitisha mwanga, na kwa wati zile zile karibu 180 dawati likasoma 410. Kilichobaki ni kupanda kuyaosha kila muhula, maana huku kuvu ya kijani inaota haraka sana.