Walinisikiliza kwa Macho

Jana nilisafiri muda wa saa tano kwa treni, nauli yangu mwenyewe, kwenda kuimba dakika tatu. Mimi ni mezo, yaani sauti ya kati ya kike, na hapa Ujerumani kazi ya opera, ule mchezo wa kuigiza unaoimbwa, hutafutwa hivyo, kwa usaili. Unapanda jukwaani, kule chini gizani wamekaa watu wanne wasiojitambulisha, na pembeni yupo mpiga piano mliyeonana naye dakika hiyohiyo. Aria ya kwanza, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera, unachagua mwenyewe. Wakivutiwa, ya pili wanaichagua wao kwenye orodha yako. Wasipovutiwa, unasikia "Danke", ahsante, na mlango unaujua.

Nilianza na "Non so più" ya Cherubino, yule kijana wa Mozart anayetetemeka akiona gauni lolote, ambaye huimbwa na mwanamke. Ikaenda vizuri, hata mpiga piano alitabasamu. Nikawa naomba moyoni wachague Charlotte, mwanamke wa opera Werther ya Massenet. Mzee mmoja akaifunga orodha yangu, akanitazama kuanzia miguuni kupanda juu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hujawahi kumfikiria Ulrica?"

Najua mtasema, si amekusifia? Ngojeni. Ulrica ni mpiga ramli katika Un ballo in maschera ya Verdi, ya 1859. Anahitaji sauti nzito, iliyoiva, ya kutikisa sakafu. Mimi nilikuwa nimetoka kumwimba mvulana wa mbio mbio, sauti nyepesi, na hakuna nota hata moja niliyoitoa pale iliyoelekea kwa Ulrica. Kisha mjue hili: katika maneno ya awali ya opera hiyo, hakimu anapomshtaki anasema ni wa damu chafu ya watu weusi. Nyumba nyingi za opera siku hizi hubadilisha mstari huo. Basi, mzee yule hakunisikia. Aliniona tu.

Na si jambo jipya. Tarehe 7 Januari 1955 Marian Anderson alikuwa mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mhusika, si ya kwaya, katika Metropolitan Opera ya New York. Alikuwa na miaka 57, jina lake limeshazunguka dunia. Nafasi gani? Ulrica. Mwaka 1961 Grace Bumbry akapewa Venus, mungu wa mapenzi, kule Bayreuth kwenye tamasha la opera za Wagner, na watu wakaanza kulalamika kabla hajafungua mdomo.

Sasa nyie dada zangu mnaoniandikia mkiuliza mbebe aria gani kwenye usaili, nyie wa sauti ya pili mlioambiwa mnafaa opera. Kwanza, hasira zangu msizichukue kama ushauri. Ushauri ni huu: bebeni mnachoweza leo, hata mkiwa na mafua, hata baada ya saa tano za treni. Sauti za chini za kike huchelewa kukomaa. Azucena na Delila, wahusika wa sauti nzito, wapo, hawakimbii. Ukimwimba Azucena na miaka 25, jopo linasikia mtoto aliyevaa viatu vya mama yake.

Habanera, aria ya opera Carmen ya Bizet, mimi nilianza nayo mwaka wangu wa kwanza, na bado naona aibu. Kila mtu anaijua, kila aliyekaa pale ana Carmen wake kichwani, na yenyewe haipandi juu wala haishuki sana, kwa hiyo hawajui una nini. Seguidilla, ya Carmen huyohuyo, ni afadhali. "Una voce poco fa" ya Rossini ibebe tu kama mapambo yako, zile nota za haraka haraka, ni safi kama maji, la sivyo utafananishwa na waliotangulia asubuhi hiyohiyo. "Parto, parto", ya kijana Sesto wa Mozart, ni nzuri kuliko zote kwa mezo mwepesi, ila ni ndefu, na zile mbio za mwisho zinakuja pumzi imeshaisha. Weka mapema alama za sehemu utakazoziruka, na umwambie mpiga piano kabla hujafungua mdomo.

Kijerumani ndiyo kichwa kinauma. Aria za Kijerumani kwa mezo kijana ni chache mno. Wengi tunaishia kwa Orlofsky, kijana wa Die Fledermaus, ambayo ni opereta, yaani opera nyepesi ya kuchekesha, na wapo wanaokunja uso. Ya Kiingereza, "Must the winter come so soon" ya Samuel Barber ni fupi, laini, inaonyesha rangi ya sauti. Lakini usiiweke kwanza: haionyeshi nota za juu, na jopo litadhani unazificha.

Jambo jingine, tazama orodha yako yote kwa pamoja. Tukitoa mpiga ramli na mama mzee, wengi wanaobaki kwetu ni wavulana: Cherubino, Sesto, Orlofsky, Nicklausse. Mimi nilikuwa na suruali nne, yaani wavulana wanne, kwenye aria tano! Mzee wa watu pengine alitaka tu kuona mwanamke. Pengine.

Usiku nilipofika nyumbani nilifungua "Re dell'abisso", aria ya Ulrica, hivihivi tu, kwa hasira, niione ilivyo. Nikaiimba jikoni taa imezimwa. Inakaa kooni mwangu vizuri kuliko kitu chochote nilichoimba mwaka huu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Alhamisi nina usaili mwingine, mji mwingine. Nota zake ziko mezani, sijazitia kwenye begi.