Kwa nini utando wangu bandia ulivuja zaidi kwenye nyuzi 41

Vifuko vyangu vya kwanza, viputo vidogo mno vya utando bandia vyenye maji ndani, vilivuja kabla sijaanza kuvipima. Nilivitengeneza kwa DPPC, fosfolipidi (lipidi, yaani mafuta, ya aina inayojenga utando wa seli) ya kutengenezwa yenye mikia miwili ya kaboni 16. Unaiyeyusha kwenye klorofomu, unaikausha katika chupa inayozunguka hadi ibaki utando mwembamba kama wa maziwa yaliyochemshwa, kisha unamimina maji yenye rangi ya kaboksifluoresini. Rangi hiyo ikisongamana ndani ya kifuko hufifia. Ikitoka nje hung'aa kijani.

Yangu iling'aa papo hapo. Siku tatu nzima niliilaumu lipidi. Kumbe ndani nilikuwa na rangi ya milimola 100, na nje bafa (maji ya kutuliza kiwango cha asidi) nyepesi isiyo na chumvi, hivyo maji yaliingia kwa kasi na vifuko vikavimba. Nikaongeza chumvi nje mpaka osmomita, kifaa cha kupima wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini, ikasoma sawa pande zote mbili. Kosa jingine lilikuwa kuvisukuma kwenye kichujio cha nanomita 100 vikiwa baridi, wakati DPPC chini ya nyuzi 41 imeganda kama samli ya alfajiri. Kwenye nyuzi 50 vikapita bila kunivunja vidole.

Basi nikapima. Nyuzi 25, kimya. Nyuzi 35, kidogo tu. Nyuzi 41, mwanga ukapaa! Nilitarajia 48 ipite hapo, maana lipidi sasa imeyeyuka yote. Wapi! Mwanga ukatulia. Nikashuku rangi imekwisha, kwa kuwa nilikuwa nikiipasha sampuli ileile. Nikarudia, kila joto na sampuli yake mpya, na mwishoni tone la Triton X-100, sabuni ya maabara, la kuvunja vifuko vyote ili niijue asilimia 100. Jibu likabaki lile lile: 48 ilivuja, ila polepole kuliko 41.

Kwenye nyuzi 41 sehemu moja ya utando imeganda na nyingine imeyeyuka, na mpakani molekuli hazikai sawasawa. Shona mkeka kwa ukili mkavu na mbichi, uone mshono utakavyoachia.

Nikachanganya kolesteroli, molekuli 4 katika kila 10. Kile kilima cha 41 kikatoweka kwenye mchoro. Vifuko hivyo viko jokofuni wiki ya pili sasa, na kila asubuhi nikivipima mwanga uko palepale.