Uzi Ulipokatika

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu la juma hili ni Zaburi ya 15. Daudi anauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, kisha anamtaja mtu huyo sifa moja baada ya nyingine. Mimi nimekwama kwenye mwisho wa mstari wa 4: "Ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake."

Neno hili ni gumu kwa mtu mwenye watu chini yake. Kuna ahadi unayoitoa kwa moyo mweupe kabisa, halafu hali inageuka, fedha zinakauka, na neno lako linakufia mikononi. Hapo unafanya nini?

Juma zima nimekuwa nikimfikiria Kiichiro Toyoda wa Japani. Jina la ukoo wake, limebadilishwa herufi moja tu, tunalipanda kila asubuhi kwenda kazini. Alizaliwa mwaka 1894. Baba yake, Sakichi, alikuwa mvumbuzi wa mitambo ya kufuma nguo, na ule uliompa sifa zaidi, wa mwaka 1924, Kiichiro mwenyewe alishiriki kuutengeneza. Niwaeleze ulivyofanya kazi. Kila uzi wa mtande ulipita kwenye kibati chembamba cha chuma. Uzi ukiwa mzima, kibati kinashikiliwa juu. Uzi ukikatika, kibati kinadondoka na mtambo wote unasimama papo hapo, hata kama nyuzi nyingine mamia ni nzima. Sakichi hakutaka ifumwe hata pima moja ya kitambaa chenye kasoro huku mashine ikijifanya mambo ni sawa.

Kiichiro akayageukia magari. Mwaka 1933 alianzisha idara ya magari ndani ya kampuni ya mitambo ya kufuma, na mwaka 1937 ikawa kampuni kamili, Toyota. Alikuja kuwa rais wake mwaka 1941. Vita ikapita na kuiacha nchi magofu. Kufikia 1949 serikali, chini ya usimamizi wa Wamarekani, ilikaza fedha ili kuvunja mfumuko wa bei. Wateja waliochukua magari kwa mkopo wakashindwa kulipa, nayo Toyota ikakosa hata fedha za mishahara.

Kiichiro akakaa na chama cha wafanyakazi. Wakakubaliana wafanyakazi wapunguziwe mshahara kwa asilimia 10, na kampuni isimwachishe mtu kazi. Yakaandikwa, yakatiwa sahihi. Wafanyakazi wakatimiza upande wao.

Kisha mabenki yaliyokuja kuiokoa kampuni yakaweka masharti, na mojawapo lilikuwa kupunguza watu. Masika ya 1950 wafanyakazi 1,600, kati ya takriban 8,000, walitakiwa waondoke. Mgomo ukalipuka. Hebu jiweke kwenye kiti chake, ndugu yangu. Damu inapanda, mwili hauna nguvu, na nje wako watu uliowawekea sahihi yako, nao wana haki ya kukuita mwongo.

Angeweza kusema mabenki ndiyo yaliyoamua, na asingekuwa anadanganya. Tarehe 5 Juni 1950 alijiuzulu, yeye pamoja na wakuu wenzake wawili. Neno lake lilikuwa limekatika, naye akasimama. Alikuwa mwana wa Sakichi kwelikweli.

Kujiuzulu kwake hakukuwarudishia kazi wale walioondoka. Nalisema wazi, maana nyumba zile zilibaki na njaa yake, na simleti Kiichiro kwenu kama mtakatifu. Lakini wafanyakazi waliona kwamba aliyewavunjia neno hakubaki kwenye kiti akila matunda yake. Siku chache baadaye mgomo ukaisha.

Siku 20 tu baada ya yeye kuondoka, vita ya Korea ilianza, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa maelfu. Vita si baraka, watu walikufa. Nalitaja kwa sababu kampuni ilisimama tena kwa fedha zile, na Kiichiro hakuwepo. Mwaka 1952 mrithi wake, Taizo Ishida, alimwomba arudi, naye akakubali. Kabla hajakikalia tena kiti chake, tarehe 27 Machi, alifariki kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 57.

Sasa niseme kilichonifanya nimfikirie. Wakati wa korona nilikuwa na vijana wanne kwenye karakana yangu ya kuchomelea mageti na madirisha. Niliwakusanya asubuhi moja, tukaomba pamoja, nikawaambia hakuna atakayeondoka, tutagawana hata kama ni ugali wa chumvi. Mwezi wa pili nikawaondoa wawili. Niliwaondoa kwa ujumbe wa simu, saa nne usiku, ili nisiwaangalie machoni. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikaongoza maombi.

Miaka yote hii nimejitetea kwamba kazi zilikauka, na ni kweli zilikauka. Lakini Zaburi hii hainiulizi habari za soko. Inaniuliza hasara ya neno langu ilimwangukia nani. Iliwaangukia wao wawili peke yao. Mimi sikupunguza hata sukari ya chai.

Mmoja wao yuko bado hapa mtaani. Geti la kwao nililichomelea mimi na yeye, na tangu wakati ule nimekuwa nikizunguka njia ya sokoni nisipite mbele yake. Kesho baada ya ibada nitapita pale na kubisha hodi. Wapendwa, mniombee. Sijui kama atanifungulia, na akinifungulia sijui nitaanza na neno gani.