Ninavyopiga picha za ukungu wa alfajiri

Kamera imetengenezwa itoe picha angavu, yenye rangi sahihi na kila kitu kionekane. Ukungu hauna hata kimoja kati ya hivyo, ndiyo maana picha nyingi za alfajiri hutoka za kijivu na zimepooza. Ninapopiga picha za sanaa kwenye ukungu, sehemu kubwa ya kazi ni kuamua mwenyewe yale ambayo kamera ingependa kuamua.

Naanza na kipima mwanga. Chenyewe huchukulia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ukungu ni mweupe kuliko hapo, basi kamera hupunguza mwanga na weupe unageuka rangi ya jivu. Naongeza mwanga kati ya +0.7 na +1.3 kwenye kirekebisha mwanga cha kamera, kisha naangalia histogramu, mchoro unaoonyesha mwanga wa picha kuanzia weusi kushoto hadi weupe kulia. Kwenye ukungu mzito huwa kilima chembamba upande wa kulia, na kushoto kutupu. Hiyo si kasoro. Kasoro ni kilima kugandamana na ukuta wa kulia, maana hapo anga huungua ikawa nyeupe tupu, na hata faili la RAW, yaani picha ghafi ya kamera, huenda lisiirudishe.

Mahali pa kusimama pana uzito kuliko lenzi. Matone ya ukungu hutawanya mwanga zaidi kuelekea mbele, kule mwanga unakokwenda, kwa hiyo ukilielekea jua ukungu unawaka, ukilipa mgongo unafifia. Nalificha jua nyuma ya shina la mti, halafu nasogea kando kidogo kidogo, nusu hatua kwa wakati, hadi ukingo wa gome uanze kung'aa kama uzi. Hapo ndipo miale hujitokeza, kwa sababu kivuli cha shina kinaukata ukungu. Lakini jua husogea kiasi cha upana wake kila dakika 2 hivi, kwa hiyo ukishapiga picha chache itabidi usogee tena.

Rangi naifunga kwenye Kelvin 5500, kipimo cha rangi ya mwanga kinacholingana na mwanga wa mchana. Ukiiachia kamera ichague, itausawazisha ubuluu wa kabla ya mawio, na ubuluu huo ndio baridi ya asubuhi yenyewe. Tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, kamera juu ya stendi, kipima muda sekunde 2. Kasi ya shata ya sekunde 1/60 hubakiza umbo la ukungu. Sekunde 8 huulainisha ukawa kama kitambaa, na matawi yakitikiswa na upepo hupotea pia. Fokasi naiweka kwa mkono huku nimekuza picha kwenye kioo, kwa kuwa ya otomatiki huhangaika mbele na nyuma isipate pa kushika.

Kuna ukungu mwingine wa kuangalia: ule wa kwenye lenzi. Kamera ikitoka chumba chenye ubaridi kuingia hewa ya joto na unyevu, kioo hupata jasho. Utautambua hivi: ukungu wa kweli huacha vya karibu wazi na kumeza vya mbali, ila wa lenzi hufifisha vyote sawasawa, hata jani lililo hatua mbili kutoka kwako. Ukifika nje, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kwa dakika 30 kabla ya kuitoa mfukoni, na usibadilishe lenzi wakati huo.

Kwenye kompyuta, zana ya kuondoa ukungu siigusi. Weusi kamili nauachia kitu kimoja tu kilicho karibu, ili vya nyuma vibaki na ngazi zake za kijivu. Nafanya kazi kwa biti 16, kwani biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na anga laini ikikolezwa huvunjika mistari mistari. Kabla ya chapa kubwa natoa kipande kidogo kwenye karatasi isiyong'aa. Kikitoka cheusi kuliko nilichokiona, mara nyingi mwangaza wa skrini ndio uliokuwa mkali, basi naupunguza na kurudia.